Chumba cha Okidi na Taa Zisizozimwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ngazi, bisibisi, na ufunguo wa chumba kilichokuwa na dirisha moja tu, jembamba kama upenyo wa kutolea moshi. Aliyenikabidhi alikuwa Sista Msimamizi wa Bustani wa misheni moja ya nyanda za juu za Mbinga. Alikuwa Mnyasa wa mwambao wa ziwa, mrefu, mwenye kicheko kilichosikika mpaka jikoni.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele na milele, amina. Wewe ndiye fundi redio wa pale sokoni?"

"Ndiye mimi, Sista. Lakini na umeme wa nyumba naujua."

"Umesomea wapi?"

"Vitabuni, Sista."

Akacheka. "Basi tutaelewana. Na mimi okidi nimezisomea mitini."

Nimeombwa mara nyingi na vijana wanaofunga taa siku hizi niwaeleze jinsi tulivyofanya kazi hiyo wakati wetu. Nimekuwa nikiahirisha kwa sababu napenda kueleza jambo kwa utaratibu, na jambo hili kila nikilianza moyo unaruka mbele ya maneno. Nitajitahidi kulishika.

Chumba chenyewe kilikuwa ghala la zamani la mahindi, lenye kuta nene za matofali ya kuchoma. Upande mmoja kilipakana na chumba cha dobi wa zahanati ya misheni. Ndani, juu ya meza ndefu na kwenye nyaya zilizotandazwa chini ya dari, kulikuwa na vipande vya matawi ya miti, na juu ya kila kipande mmea wenye majani manene na mizizi myeupe iliyoning'inia hewani kama nyuzi za katani. Hizo ndizo okidi. Wengi wetu tulizijua zile za ardhini tu, ambazo viazi vyake huchimbwa vikapikwa chikanda. Hizi zilikuwa za aina nyingine. Huota juu ya mti bila kuunyonya, hushika gome kwa mizizi yake na kunywa ukungu na mvua.

Zilitoka chini ziwani, upande wa Chiwanda. Huko misitu ilikuwa ikifyekwa kwa mashamba na kuni, na Sista kila alipokwenda likizo kwao alizibandua kwenye magogo yaliyoangushwa, akazifunga kwenye gunia lenye unyevu na kupanda nazo mlimani. Alisema mti ukishaanguka okidi zake hazina siku nyingi. Nia yake ilikuwa zikae kwetu, zichanue, zitoe mbegu, na siku moja watoto wa okidi hizo warudishwe kwenye miti ya makanisa na shule za mwambao ambayo hakuna atakayethubutu kuikata.

Shida ilikuwa baridi. Ziwani kuna joto mwaka mzima. Kwetu juu, anayeijua Mbinga ya mwezi wa sita na wa saba anajua ukungu unaoingia mpaka kwenye blanketi. Okidi za Sista zikiwekwa nje zilioza shingo katika juma moja. Ndiyo maana zikawekwa ndani, na kwa kuwa ndani hakukuwa na jua, akaitwa fundi.

Ninyi mnaoingia dukani leo mkachagua taa kwa rangi ya boksi, jueni kwamba kuchagua kwenyewe kulikuwa kitu kipya. Miaka ya nyuma yake ulichukua globu uliyoikuta, kama uliikuta. Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Maduka ya Songea yakajaa, na baada ya muda hata Mbinga mjini kukawa na duka lililotundika taa za kila namna darini, zote zikiwaka kwa pamoja, na watu wakisimama mlangoni kuzitazama bila haja ya kununua. Mimi nilisimama mle ndani kutwa nzima. Mwenye duka aliniuliza kama nasubiri mtu. Nikamwambia nasoma. Na kweli nilikuwa nasoma: wati, volti, urefu, rangi ya mwanga, herufi ndogo za pembeni ya kioo.

Nilianza na globu za nyuzi, zile za mviringo. Zilikuwa rahisi kufunga, lakini karibu umeme wake wote uligeuka joto. Ukiisogeza karibu na mmea, jani linapata doa la kahawia. Ukiiweka mbali, jani halipati kitu. Kipimo changu cha kwanza kilikuwa mgongo wa mkono: uweke pale jani lilipo, na kama baada ya muda mfupi unatamani kuutoa, jani nalo linatamani kutoka, ila halina miguu.

Nikahamia tyubu. Hii ni taa ndefu ya mrija wa kioo, inayohitaji choki ya kutuliza umeme na stata ya kuiwasha. Tyubu haichomi. Unaweza kuishusha mpaka shubiri moja juu ya majani. Niligundua pia kwamba mwanga wake ni hafifu nchani na mkali katikati, hivyo okidi zenye majani membamba magumu nikazipanga katikati na zile za majani mapana laini nikazipeleka nchani. Tena tyubu huchoka kabla ya kufa. Inaendelea kuwaka, macho yako yanadanganyika, lakini mmea unajua. Kwa hiyo nilizibadilisha kwa zamu, moja baada ya moja, nikiandika tarehe kwa penseli kwenye kofia yake.

Kofia ndilo jina letu la kiakisi, yaani kile kinachokaa juu ya taa kurudisha chini mwanga unaopotea darini. Na hapa kwenye kofia ndipo watu wote wa misheni walipokuwa na maoni.

Mnakumbuka bati jipya lilikuwa na maana gani kwetu miaka ile. Mtu akiuza kahawa vizuri, jambo la kwanza aliezeka, na bati likimetameta kutoka mlima wa pili watu walisema fulani ametoka kimaisha. Basi hakuna aliyekuwa na shaka kwamba kofia bora ni bati jipya la migongo. Seremala alileta vipande, mpishi akaleta maoni, hata mlinzi alishika ngazi. Tulipowasha, chumba kiling'aa mpaka tukapiga makofi. Baada ya wiki chache majani yakawa na michirizi, mstari uliopauka na mstari wa kijani, mstari na mstari, kama shati la mfungwa. Kila mgongo wa bati ulikuwa unakusanya mwanga na kuutupa mahali pamoja, na kuacha jirani yake gizani.

"Umezivalisha sare," Sista aliniambia. "Zimefanya kosa gani?"

Nikajaribu vioo vya kunyolea, nikajaribu karatasi ya fedha iliyofunika ndani ya makasha ya majani ya chai. Vilikuwa vikali lakini vya madoa madoa. Nikarudi kwenye bati lililonyooka, nikalipiga nyundo likalala. Hali ikawa nafuu. Majani yalipona, yakanenepa, yakawa ya kijani kibichi chenye giza. Watu walitoka Matiri na Kitura baada ya misa kuja kuchungulia.

Sasa niwaeleze kuhusu Fundi Mkuu, maana bila yeye habari hii haina mguu. Umeme wetu haukutoka kwenye gridi. Ulitoka bondeni, kwenye turbini, gurudumu la chuma linalozungushwa na maji ya mto. Fundi Mkuu alikuwa Mngoni mzee aliyeijua mashine ile kwa sauti. Ilikuwa ya kizamani, haikuwa na kidhibiti cha kupunguza maji yenyewe. Mashine ya namna hiyo ni kama mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani: ukimtua mzigo ghafla, anakimbia. Watu wakizima taa wakaenda kulala, turbini hukimbia, volti hupanda, na chochote kilichobaki kimewashwa hupasuka. Kwa hiyo usiku lazima pawepo mahali umeme unaliwa.

Mahali penyewe palikuwa chumba chetu. Siku yangu ya pili kazini Fundi Mkuu alipanda kutoka bondeni, akaniangalia juu ya ngazi, akasema:

"Shikamoo umesahau?"

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Sikiliza, Mmatengo. Taa za humu hazizimwi. Mchana, usiku, Krismasi, Pasaka. Hizi ndizo zinazoishika mashine yangu. Siku ukizizima, umezima na maisha yako."

Nilifurahi. Sista alifurahi. Taa usiku kucha! Tuliwaza kama wafuga kuku wanavyowaza: mwanga mwingi, kula kwingi, mayai mengi. Hata swichi sikuifunga. Nilizileta nyaya moja kwa moja kutoka kwenye laini ya bondeni, na chumba kile kikawa hakijaonja giza tangu siku ile.

Miaka miwili ikapita. Majani yalikuwa mazuri ajabu, lakini hapakuwa na ua hata moja.

Miaka ya ruksa haikuleta taa peke yake. Ilileta pia wanunuzi binafsi wa kahawa. Zamani mkulima alipeleka kahawa chama cha ushirika, basi. Sasa magari mapya yakawa yanapita vijijini, na kila mnunuzi alitafuta ghala kavu lenye kuta nene. Mmoja wao alimfikia Padre Mtunza Mali. Huyu alikuwa mtu mwema, Mmatengo mwenzangu, mtoto wa mkulima wa kahawa, asiyependa kitu kikae bure. Alikuja chumbani mwezi wa tatu, wakati wa mvua, akazunguka meza zote mikono ikiwa nyuma.

"Sista, hiki ndicho chumba kikavu kuliko vyote tulivyo navyo."

"Ndiyo, Baba. Okidi hazipendi kuloana miguu."

"Kahawa pia haipendi. Mwaka jana wazazi wangu mimi mwenyewe walifunika magunia kwa turubai barazani kwa watu. Wewe humu una majani."

"Ni okidi, Baba."

"Okidi ni ua. Ua liko wapi?"

Sista aligeuka akapangusa jani lisilokuwa na vumbi. 

"Sitaki kuonekana mkatili," Padre alisema. "Kahawa ikianza kuvunwa nitakuja tena. Nikikuta ua, naenda zangu na sirudi. Nisipokuta, meza hizi zinatoka nje."

Alipoondoka tulibaki tumesimama. Uvunaji huanza mwezi wa sita. Nje, mwezi wa sita. Sote wawili tulijua maana yake. Miti zilikotoka ilikwisha kuwa majivu, na zile ndizo pekee zilizosalia kati ya alizookoa Sista.

"Fundi," akasema, "kuna kitu tunazinyima. Nenda chini kapime. Nenda kwetu ukaone zinakaaje zikiwa kwao."

Nilikuwa na kipimo cha mwanga, kidude cha mpiga picha chenye mshale, nilichobadilishana na redio niliyoitengeneza. Mwezi uliofuata, mvua zilipolegea, nikashuka kwa lori la mizigo hadi ziwani na kuendelea kwa mguu kuelekea Chiwanda. Nilipokelewa na kaka yake Sista, nahodha wa mtumbwi wa kuvulia usipa, wale dagaa wadogo wa Ziwa Nyasa. Mkewe alinitazama nikipanda kwenye mti wa kwanza wenye okidi, kidude kikiwa shingoni.

"Shemeji, unapima homa ya mti?"

"Napima mwanga, Mama."

"Mlimani mmemaliza wa kwenu?"

Nilipima asubuhi, adhuhuri na alasiri, kwenye kila mti aliouonyesha. Mshale ulinichanganya. Chini ya matawi yale mwanga haukuwa mkali kama nilivyodhani. Tyubu zangu zilikuwa zikitoa karibu sawa na huo, na saa nyingine kuzidi. Kama si upungufu wa mwanga, basi ni nini? Nilishuka mtini nikiwa na vumbi la gome machoni na swali kubwa kuliko nililokuja nalo.

Jioni nikakaa na nahodha barazani kwake. Karabai yake, taa ile ya mafuta ya taa yenye pampu, ilikuwa imetundikwa ukutani, na juu yake ilikuwa na kofia ya bati la debe. Niliishika kama mtu aliyekuta ndugu yake ugenini. Ndani ilikuwa imepakwa rangi nyeupe, nyeupe ya kufifia, bila kung'aa.

"Kwa nini umeipaka? Bati lilikuwa linang'aa vizuri."

"Lilikuwa linang'aa vibaya," nahodha alisema. "Likimetameta, mwanga unaanguka majini vipande vipande. Usipa wanagawana, hawa huku, hawa kule. Nyeupe inatuliza. Unapata duara moja, wote wanaingia."

Ilikuwa michirizi yangu ileile, ila juu ya maji. Nilicheka peke yangu mpaka mkewe akatoka kuangalia. Palepale nikaamua kofia zangu zote zingeng'olewa zikapakwe nyeupe. Nikamwuliza kama usiku ule ningeweza kwenda naye nikaone duara hilo kwa macho.

"Usiku huu hatutoki. Huoni mwezi?"

Kweli, mwezi mpevu ulikuwa unapanda, ziwa lote jeupe.

"Mwezi ukiwa mkubwa tunalala," akaendelea, akijikuna goti. "Taa haiwi taa. Usipa wanataka giza kwanza, ndipo taa wanaijua."

Alikuwa anazungumzia kazi yake tu, kama mimi ningezungumzia stata. Lakini nilisimama na kikombe cha chai mkononi. Giza! Nilikuwa nimepima mwanga wa asubuhi, wa adhuhuri, wa alasiri. Usiku sikupima kwa sababu hapakuwa na kitu cha kupima. Kumbe hicho ndicho kitu chenyewe. Okidi zile mtini zinapata nusu ya siku bila mwanga na zinapoa, kila siku tangu ziote. Zangu hazijaona usiku miaka miwili. Zilikuwa zinakula tu, kama mtu aliyeketishwa mezani asiruhusiwe kuinuka.

"Shemeji ana nini?" mkewe aliuliza.

"Amekumbuka kitu," nahodha akasema. "Mwache."

Asubuhi nilipanda lori la kwanza. Sista nilimkuta bustanini, nikamweleza kabla ya kusalimia. Alijipiga paji la uso kwa kiganja chenye udongo.

"Usiku! Nimezichuma mwenyewe gizani zamani, kabla jua halijachoma, halafu nikasahau kuzipa usiku!"

Tukashuka wote wawili mpaka bondeni kwa Fundi Mkuu. Alitusikiliza huku akipaka grisi.

"Zimeni," akasema. "Halafu mkawaambie masista kwa nini globu zao zimepasuka zote, na mganga wa zahanati kwa nini friji ya chanjo imeungua. Mimi nitakuwa nimeshafika Songea."

"Baba, kama tukipata kitu kingine cha kula umeme huo usiku?"

"Kitu gani? Ng'ombe?"

Nilikuwa nimelifikiria njiani lori likipiga kona. "Maji. Pipa la maji na nyaya za joto ndani. Maji yanakula umeme kuliko taa zangu zote, na hayapasuki."

Aliacha kupaka grisi. "Nani anataka pipa la maji ya moto usiku kucha?"

Sista ndiye aliyejibu, na alijibu kwa sauti ya juu. "Dobi wa zahanati! Kila alfajiri yule mama anawasha kuni kufua mashuka ya wodi ya wazazi. Na chumba chake kimepakana na changu. Ukuta ni mmoja!"

Tulitazamana watatu. Ilikuwa zaidi ya nilivyowaza. Pipa likiegemea ukuta ule, okidi zingepata giza bila kuganda. Mwanga ungeondoka na joto kidogo lingebaki.

Kazi iliyofuata ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote katika maisha yangu. Fundi Mkuu mwenyewe alisokota nyaya za joto, akikataa mkono wa mtu mwingine. Mimi nilifunga swichi ya njia mbili, yenye mkono mmoja mrefu: ukiwa juu umeme unakwenda kwenye taa, ukiwa chini unakwenda kwenye pipa. Sharti lilikuwa mzigo uwe karibu sawa pande zote na mkono ushuke haraka, ili mashine isipate nafasi ya kukimbia. Kofia zote nilizing'oa, nikazikwangua kutu na kuzipaka nyeupe ya kufifia, kila moja ikiwa imekunjwa pembe kwa mfano wa ile ya karabai. Nilizipima kwa mshale meza nzima. Kwa mara ya kwanza mwanga ulikuwa mmoja kutoka pembe hadi pembe.

Jioni ya kwanza Fundi Mkuu alisimama bondeni mkono ukiwa kwenye mlango wa maji, na mtu mwingine akasimama katikati ya mteremko kupitisha sauti.

"Mwambie ashushe!" ikapanda sauti.

Nikashusha. Taa zikazimika. Tukasikia mashine ikivuta pumzi, ikapanda kidogo, ikatulia. Ukutani, upande wa dobi, pipa likaanza kunong'ona. Sista alishika rozari lakini hakusali, alicheka. Kutoka bondeni ikapanda sauti ya mzee: "Mwambieni Mmatengo bado yu hai!"

Tangu hapo nilishusha mkono ule kila jua lilipozama na kuupandisha lilipochomoza. Wiki zikaenda. Ukungu ukaingia. Majani yalipungua ule ukijani wa giza, yakawa mepesi kidogo, na mimi nikaogopa. Sista hakuogopa. Alisema huko mtini yako hivyo hivyo. Kahawa za kwanza zikawa nyekundu mashambani. Kila asubuhi tuliinama kwenye kila shingo ya mmea kwa kioo cha kukuzia, hatukuona kitu.

Padre alikuja na gari la mnunuzi, vijana wakiwa wamekalia magunia matupu. Akasimama mlangoni.

"Sista, habari za maua?"

"Njoo uone, Baba."

Sista alikuwa amekiona alfajiri ile, akanificha ili nishangae pamoja na Padre. Chini ya jani moja, kati ya mizizi, kulikuwa na kitu cha kijani kisichozidi njiti ya kiberiti, ncha ikiwa imepinda kuelekea juu. Mzizi wa okidi huwa na ncha ya mviringo. Hiki kilikuwa na vifundo. 

"Naona kijiti," Padre akasema.

"Ni kikonyo cha maua, Baba."

"Sista, mimi nilisema ua."

"Baba, mwanamke akija kwako na mimba utamwambia hana mtoto?"

Vijana wa magunia waliangua kicheko. Padre alijitahidi kukunja uso, akashindwa. Akainama tena, akatazama kile kijiti kwa muda, kama alivyozoea, nadhani, kutazama mche wa kahawa kitaluni kwa baba yake.

"Kwaya watanichukia," akasema hatimaye. "Magunia yapelekeni ukumbi wa mazoezi. Lakini ni mpaka kitu hiki kiseme chenyewe ni nini."

Msimu ule kwaya iliimba ikiwa imekaa juu ya kahawa. Kikonyo kikarefuka, kikatoa vifundo vingi, na vingine vikatokea kwenye mimea ya jirani. Mwezi wa nane vilifunguka: maua meupe, yenye umbo la nyota, na nyuma ya kila ua mkia mrefu mwembamba. Padre aliitwa alasiri. Alizunguka meza zote mikono ikiwa nyuma.

"Mazuri," alisema. "Kusema kweli ni mazuri. Ila niliwaza yatanukia. Hata waridi la mama yangu linanukia."

 Sista alitazama dirishani, jua lilikuwa linakaribia mlima. Akaniambia, "Fundi, saa yako."

Nikashusha mkono. Taa zikazimika. Tulisimama gizani sote watatu, tukisikia pipa likianza kunong'ona. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha harufu ikaja, kidogo kidogo, tamu, kama asali mbichi iliyochanganyika na limau, mpaka chumba kizima kikajaa. Ni maua ya usiku yale. Hunukia giza likiingia ili kuwaita nondo. Hata kama yangechanua kwenye taa zetu zisizozimwa, labda hakuna ambaye angelijua hilo.

 Tulimsikia Padre akivuta pumzi puani, akiiachia, akivuta tena.

"Msiwashe," alisema.

Chumba hakikuguswa tena. Nilifanya kazi mle mpaka nilipostaafu, chini ya wasimamizi wa bustani wawili waliomfuata Sista na hata baada ya Fundi Mkuu kuzikwa bondeni karibu na mashine yake, kama alivyotaka. Watoto wa okidi zile walirudishwa ziwani, na nimewaona kwa macho yangu kwenye miti ya shule, kaka yake Sista akiwaonyesha wajukuu wake.

Sasa niko kwangu Kitura na kahawa zangu. Gridi imefika, na taa za siku hizi ni ndogo, hazina joto, hazina choki, na ninazipenda. Vijana huja kuniuliza wanunue ipi. Nawaeleza yote: wapime kwa mgongo wa mkono, waipake kofia nyeupe isiyong'aa, wasiyaamini macho tyubu ikizeeka. Wanaandika. Kisha nawauliza kama wamenunua swichi. Wanacheka, wanadhani ni utani wa wazee.

Nina okidi moja dirishani, niliyopewa na Sista siku aliponiaga. Jua likizama naizimia taa, nakaa kwenye kiti changu, nangoja.